Altezza inamisi ikishapata moto: jua kwanza ni silinda ipi

Mkuu nimesoma maelezo yako yote. Altezza RS200 ya mashine (injini) ya 3S, manyuo gia sita, asubuhi inawaka freshi na silensa (ikiunguruma bila kukanyaga) imetulia, ila ikishapata moto ukikanyaga gia ya tatu au ya nne kwenye kilima inashtuka shtuka na kukata nguvu, na fundi kashakuandikia plagi zote, koili zote, pampu, na isipopona "mashine imechoka tuishushe" (yaani itolewe ifunguliwe yote). Aisee hapo kwenye kushusha mashine simama kwanza. Mi ninayo gari hiyo hiyo na ilishanifanyia mchezo huo huo napanda mlima Kitonga gari imejaa watu, na mashine ile ile iko ndani mpaka leo.

Jambo la kwanza, hiyo misi (silinda kukosa moto) inatokea WAKATI GANI, maana hapo umeshapata nusu ya jibu bila kufungua hata nati. Ukiwa silensa kile kipepeo cha hewa kimefunga karibu chote, hewa inayoingia ni kidogo, kwahiyo hata koili (ile inayotoa umeme wa cheche ya plagi) iliyochoka inaweza kurusha cheche. Ukikanyaga silinda inajaa, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka pale kwenye gepu ya plagi. Na hii 3S ya manyuo mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1, sio mashine ya kubembeleza. Umeme ukiona njia ya plagi ni ngumu unatafuta ya mkato, unatobolea kwenye rabba ya koili unaenda kugusa bodi ya hedi, silinda hiyo inakosa moto, gari inashtuka. Kwahiyo silensa nzuri + misi kwenye mzigo = anza na umeme. Ingekuwa kinyume, silensa inatetema afu ukikanyaga inanyooka, ningekwambia tafuta hewa inayoingia pembeni, mipira ya vakyumu ya gari za 1998 mpaka 2005 imeshakauka kama makaroni. Hiyo unapulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio, silensa ikibadilika umeshapapata (angalia ekzosi isiwe ya moto sana, usije ukachoma gari).

Sasa ni silinda ipi. Vile vimashine vya bluetooth vya bei rahisi kwenye hizi za soko la Japan mara nyingi vinagoma kuongea na gari kabisa, tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japan. Ikitoa kodi za hitilafu P0301 mpaka P0304 ile namba ya mwisho ndo silinda, P0300 maana yake misi inarukaruka. Ila usikate tamaa isipotoa kitu, misi ya sekunde mbili kwenye kilima inaweza isiandikwe kabisa.

Kwahiyo unafanya ya kienyeji, na kwa maoni yangu ndo bora kuliko hiyo mashine ya kusoma: HAMISHA KOILI. Hii Beams (jina la Toyota la hii 3S) kila silinda ina koili yake juu ya plagi, so chukua ya silinda unayoishuku kwa kodi au kwa plagi yake, tuseme 2, weka 4, ya 4 weka 2, zingine usiguse. Zipige alama na maka kabla hujazitoa. Nenda kilima kile kile, gia ile ile, mashine ikiwa ya moto. Misi ikihamia silinda ya 4, koili ndo mwizi. Isipohama, shida imebaki kwenye plagi, waya, nozeli (inayopulizia petroli) au silinda yenyewe, hapo unahamisha plagi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja mkuu, fundi akibadilisha vitu vitatu kwa mpigo gari ikapona hutajua pesa yako imeponya nini, na ikirudi unaanza moja.

Kama misi ni kubwa mpaka unaisikia hata gari imesimama basi chomoa soketi ya koili moja moja huku inaunguruma, ile ambayo ukichomoa mlio haubadiliki ndo iliyokufa. Ila fanya kwa sekunde chache tu! Nozeli ya silinda hiyo inaendelea kumwaga petroli isiyoungua, inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na ikifika kwenye masega (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi) inawakia humo, masega yanayeyuka. Na shika zile soketi taratibu, plastiki ya umri huu inavunjika ukiitazama vibaya, afu soketi iliyolegea nayo inaleta misi yake mpya.

Koili ikiwa nje usikimbilie kuirudisha, piga tochi ndani ya kisima cha plagi (lile shimo refu plagi inapokaa). Hapa ndo ilikuwa shida yangu. Silinda ya 3 kisima kilikuwa na oili imefika nusu ya plagi, sili za duara za kava ya tapeti zilikuwa zimekauka ngumu kama kucha, oili inashuka taratibu, rabba ya koili inaloa inavimba, umeme unapita pembeni. Ukiangalia ile kauri nyeupe ya plagi unaona kamstari keusi kametambaa kwa urefu, na ndani ya rabba kuna kamstari kenzake. Ukikaona hako kamstari usisafishe ukarudisha, kameshakuwa njia, utapona wiki misi inarudi. Badilisha plagi na rabba au koili ya silinda hiyo, NA sili za kava pamoja na gasketi yake, maana koili mpya ndani ya kisima cha oili ni kutupa hela. Gereji moja walikuwa wameshaniuzia koili na kunirudishia kwenye oili ile ile, sijui walikuwa hawaoni au waliona wakanyamaza. Kabla hujafungua plagi nyonya oili kwa kitambaa na upulize kisima kwa hewa, mchanga ukidondokea ndani ya silinda utalia.

Kama kisima kina maji badala ya oili, uliza walikoosha gari. Wale vijana wa kuosha na presha wanapenda sana kumwagia mashine.

Plagi nazo zipange mezani kwa mpangilio wa silinda uzisome. Rangi ya kahawia hafifu sawa, nyeusi kavu kama masizi mafuta mengi au cheche dhaifu, nyeusi ya kung'aa yenye unyevu ni oili inapanda ndani, nyeupe sana mafuta hayatoshi. Tatu za kahawia na moja nyeusi, umeshajibiwa. Zote nne nyeupe, usinunue koili hata moja, nenda kwenye mafuta: filta, pampu, presha ipimwe kwa geji gari ikiwa kwenye mzigo, sio silensa. Ila kwa jinsi ulivyoeleza sidhani kama ni pampu, pampu ikichoka gari inalegea polepole mizunguko ikipanda kama inavutwa nyuma, haipigi vile vishindo vya ghafla.

Halafu yote yakigoma ndo unapima kompreshani, kabla ya neno la kushusha mashine. Mashine ya moto, plagi zote nje, nozeli na koili zimekatwa umeme, resi imekanyagwa mpaka mwisho, piga stata. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda, ya chini kabisa isishuke chini ya robo tatu ya ile ya juu. Iliyo chini tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Na kama misi ilianza mara tu baada ya kubadilisha taimingi belti hebu rudi kwa aliyeifunga, jino moja likikosewa silinda zote nne zinalalamika.

Ukienda Kariakoo kutafuta koili, mi naona used ya Japan iliyotoka kwenye mashine nzima bora mara mia kuliko "mpya" ya bei ya chipsi kuku. Ichukue moja tu uijaribu, wakikubali kurudisha.

Anza na kuhamisha koili ya silinda unayoishuku kesho ukiwa na muda, afu weka hapa picha ya plagi zote nne zimepangwa na useme misi imehama au imebaki.