Klampu za kebo ya pampu inayoteleza kwenye mawe

Mkuu, umesema kebo ya pampu inayoshuka kwenye mawe pale Igogo, Mwanza, hadi ziwani inateleza, na kila ukikaza klampu zako (vibanio) za flati ba, yaani chuma bapa, ganda la kebo linakatika. Tafadhali usiendelee kukaza. Kinachokata ni ukingo wa klampu.

Pitisha kidole ndani ya klampu: kikikwaruzwa, ganda nalo litakwaruzwa. Piga tupa mpaka ukingo uwe mviringo, kisha weka ukanda wa mpira. Tyubu ya tairi inafaa kwa kuanzia. Tundu lizidi unene wa kebo kidogo tu, ili mpira ukiingia ubanwe kote. Bolti ikishakaza, pande mbili zibaki na nafasi ya milimita moja au mbili. Zikigusana mapema, unabana chuma kwa chuma na kebo inabaki huru, hata nati ikilia. Klampu pana inashika vizuri kuliko nyembamba, maana mbano unasambaa. Kwenye mteremko ziongeze, uzito wote usiangukie ile ya juu.

Jambo ninalokusihi zaidi: kama nyaya ni moja moja, yaani kila waya una ganda lake na haziko ndani ya kebo moja, usiizungushie kila moja pete yake ya chuma. Mkondo wa AC (umeme unaobadilisha mwelekeo, kama wa gridi) ukiwa mkubwa huichemsha pete. Zipitishe zote pamoja kwenye klampu moja, au tumia klampu za alumini.

Zima umeme kwanza, na pale ganda lilipokatika usifunike kwa tepu tu. Karibu na maji hivyo, badilisha kipande hicho.