Oveni inaunguza juu, chini keki mbichi: nitengeneze au ninunue nyingine?

Dada yangu wa Mbagala, usitoe hela ya jiko jipya kwanza. Umesema jiko lako ni la plate nne za gesi na oveni ya umeme chini, lina miaka kama sita, keki zinaungua juu huku chini bado uji, na fundi amekwambia limekwisha, halafu hapo hapo akakwambia anamjua mtu anayeuza lingine. Hilo la mwisho peke yake lingenitosha kutafuta fundi wa pili.

Mimi naoka keki za oda na skonzi hapa Tanga, na oveni ndiyo duka langu. Nimeshatengenezesha, nimeshatupa, nimeshanunua. Nilichokuja kukishika ni hiki: kilichoharibika kisikushughulishe sana, angalia kilichobaki kina hali gani. Elementi (bomba linalotoa joto), thamostati (kinachozuia moto usipite namba uliyoweka), swichi ya kuchagua moto, taa, mpira wa mlango, vyote hivyo ni vitu vya kuchakaa, vimefungwa kwa skrubu ili vifunguliwe na kubadilishwa. Lakini bati la ndani, pamba inayozuia joto lisitoke, pale bawaba za mlango zilipojishika kwenye bodi, na njia ya gesi, hivyo vikioza unajaza maji kwenye pakacha.

Kuna watu watakwambia matengenezo yakifika nusu ya bei ya jiko jipya, nunua jipya. Mimi hesabu hiyo siifuati sana. Jiko la bei ndogo la siku hizi ukiligonga ubavuni linalia debe tupu, na la kwako la zamani huenda lina bati zito na mlango wa vioo viwili. Ukilinganisha bei bila kulinganisha bati utauza kizuri ununue kibovu.

Tuje kwenye lako. Oveni ya namna hiyo ina elementi ya juu na ya chini. Ya chini mara nyingi huioni, imefichwa chini ya sakafu ya oveni. Juu ikiwaka na chini ikilala, ama elementi ya chini imekatika, ama waya wake umeungua pale unapochomekwa, ama swichi ya kuchagua haipeleki umeme chini. Zima kwenye mein swichi, si kitufe cha jiko tu, fundi afungue, achomoe nyaya na aweke mita ya kupimia umeme. Elementi ya wati 1,200 kwa umeme wetu wa volti 230 inasoma omu 44 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya), ya wati 2,000 inasoma kama 26. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha aguse ncha ya elementi na bodi ya jiko kwa pamoja. Hapo mita isisome kitu kabisa. Ikisoma, umeme unavuja kwenye bati, na ndio unaokupiga shoti ukigusa mlango na mikono mibichi. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache. Fundi anayekuja bila mita anakisia kwa hela yako.

Elementi yangu ya chini ilipokufa ilikuwa na uvimbe mahali pamoja kama tairi kuukuu la baiskeli, umepasuka, unatoa unga mweupe. Unga huo ndio unaotenganisha waya wa ndani na bomba la nje, na una tabia ya kunyonya unyevu. Ndiyo maana oveni iliyokaa masika yote bila kuwashwa inaweza kuangusha breka siku ya kwanza unapoiwasha. Si lazima iwe imekufa, mara nyingine elementi ikitolewa na kukaushwa vizuri inarudi. Ila usikubali kishoka, fundi wa vichochoroni, akate waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ili breka "isikatekate". Breka inakata kwa sababu.

Kuna wenzetu wengine ambao oveni haichomi juu wala chini, inavuguvugu tu. Hao kabla ya kumwita fundi waangalie saa wanayooka. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya elementi haishuki kidogo kama unavyodhani, inabaki kama asilimia 61. Oveni ya wati 2,000 inakuwa ya 1,200 na ushee. Maeneo mengine jua likishazama, watu wote wakiwasha vyao, hali ndiyo hiyo, na keki iliyoumuka vizuri mchana inadoda jioni kwa unga ule ule. Mimi oda kubwa naoka saa nne asubuhi.

Thamostati nayo ina kipimo cha nyumbani. Weka sukari nyeupe kijiko kimoja kwenye karatasi ya foili, oveni ikiwa imeshashika moto kwa namba 180, uiache robo saa. Haitakiwi kuyeyuka, kwa kuwa sukari inayeyuka kwenye nyuzi kama 186. Panda mpaka 200 uweke nyingine, hiyo iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 180 oveni yako ina moto kuliko inavyosema, na ikikataa kwenye 200 basi namba za kitufe ni mapambo. Tofauti ndogo unaizoea tu, unajua kwamba 180 yako ni 170 ya kitabu. Tofauti kubwa, badilisha thamostati. Kile kimrija chembamba cha shaba kinachotoka nyuma ya kitufe hadi ndani ya oveni kikikunjwa au kuvunjika, haitengenezwi, ni kuweka nyingine.

Hapa nisisitize. Fundi mmoja alikosa thamostati ya jiko langu akataka kuniungia dairekti, yaani umeme uende kwenye elementi bila kupita kwenye thamostati, "utakuwa unawasha na kuzima mwenyewe, mama." Nilimwambia arudishe skrubu zote alipozikuta. Oveni ya hivyo haijui kusimama, inaendelea kupanda mpaka kitu kiungue, na mimi nina wajukuu wanaoshinda jikoni. Kwenye oveni za gesi mchezo huo unafanywa kwenye kile kijiti kinachokaa kwenye moto. Kazi yake ni kufunga gesi moto ukizimika. Kikichoka, ukiachia kitufe moto unazima, na mafundi wengine wanakitoa njia kabisa. Kibadilishwe, si ghali.

Sasa, lini nilitupa? Jiko langu la kwanza lilikuwa la mtumba na nyumba yetu ile ilikuwa inapigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Elementi ilikuwa nzima, thamostati nzima. Lakini sakafu ya oveni ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona pamba chini, na panya walikuwa wameshahamia ndani ya pamba hiyo, wametafuna nyaya na kukojoa humo. Ukiwasha, nyumba nzima inanukia panya. Mteja wa keki ya harusi hawezi kuelezwa hilo. Pamba hiyo ukiitoa unaivunja yote, na pamba ya kurudishia sikuipata kwenye maduka ya Ngamiani nzima hapa Tanga. Hapo sikumbembeleza mtu. Na jiko linalovuja gesi kwenye vali zenyewe, si kwenye mpira wala regyuleta, na spea zake hazipatikani, nalo siku hiyo hiyo lifungwe mtungi. Paka povu la sabuni kila maungio, utaona linapotoa mapovu.

Kwa hiyo kabla fundi hajaja vua trei zote, washa tochi ya simu, kwaruza sakafu na kuta za oveni kwa kijiko. Kutu ya juu juu si neno, bati linalobonyea ndilo tatizo. Bana kipande cha karatasi mlangoni kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umekufa au bawaba zimelegea, na hiyo peke yake inatosha kuharibu keki. Vikipita vyote viwili, tengeneza kwa roho safi.

Tena kuna njia ya tatu inayosahaulika. Plate zako za gesi ni nzima. Hata oveni ikionekana haifai, huna haja ya kununua jiko zima, nunua oveni ya mezani peke yake na jiko liendelee kupika ugali. Ubaya wake ni udogo, keki mbili kubwa hazikai pamoja, na ukiwa na oda za wikiendi utakesha. Wiki ambayo yangu ilikuwa kwa fundi nilirudi kwenye sufuria na kupalia mkaa juu na chini kama alivyokuwa akifanya mama, na wateja wawili wakaniuliza keki hizo nimeweka nini mbona nzuri hivi. Sijawaambia.

Kuhusu bei, patana na fundi vitu vitatu mbalimbali: hela ya kuja kuangalia, hela ya ufundi, na spea. Spea kanunue mwenyewe Kariakoo, la sivyo atakuwekea cha juu. Usiulize kwa simu, elementi zinafanana kwa jina tu. Chukua ile mbovu mkononi, piga picha kibandiko cha jiko chenye modeli na wati, muuzaji alaze mpya juu ya kuukuu: urefu, mikunjo, matundu ya skrubu na upana wa zile ncha mbili vilingane. Na ipimwe kwa mita hapo hapo kaunta kabla hujalipa.