Kwenye Baridi ya Minnesota, Anza na Maji

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Wewe msomaji unayeishi nchi za theluji, joto likishuka nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri unajikinga vipi ukiwa nje, na gari lako la 4x4 unalitunza vipi lisikuache njiani?" Nitajibu kwa mazingira ya kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Ni jimbo ambalo Wakenya, Wakongo na wasemaji wengine wa Kiswahili wamelifanya makazi, na baridi yake si ya kubahatisha: tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimajoto kilisoma nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na maji. Fuatilia karibu kila kinachokwama au kuharibika huko, utakuta kuna maji yaliyokuwa mahali pasipo pake: kwenye rejeta, kwenye tangi la mafuta, kwenye kitasa, kwenye soksi.

Rejeta ndiyo inayowaponza wageni wengi. Kwetu Afrika Mashariki kuongeza maji ya bomba kwenye rejeta ni jambo la kawaida, na kwa hali ya hewa ya kwetu gari huvumilia. Minnesota tabia hiyo hupasua injini. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, na bloku, yaani bonge la chuma la injini, haina nafasi ya kuyapisha. Tumia kulanti, yaani dawa ya rejeta inayozuia kuganda, iliyochanganywa na maji yasiyo na madini, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unahimili hadi kama -37. Ukipandisha kulanti ifike asilimia 60 unafika karibu -50. Usizidishe hapo kwa kudhani nyingi ni bora, maana kulanti tupu huganda kwenye -13 hivi.

Kuna kosa moja la gereji linalojificha vizuri. Fundi anasafisha mfumo kwa maji, anafungua koki ya rejeta, yanatoka, kisha anajaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa dukani. Anachosahau ni kwamba maji ya kusafishia bado yamo ndani ya bloku na kwenye hita ya kabini, pengine lita 4 kati ya 10. Kumbe mchanganyiko umeshakuwa mwepesi, na Januari unaganda. Mfumo wa lita 10 uliosafishwa kwa maji, mimina kwanza lita 5 za kulanti tupu, ndipo ujazie maji. Endesha injini mpaka thamostati (vali inayoachia kulanti ipite kwenye rejeta injini ikishapata moto) ifunguke, iache ipoe, kisha upime kwa kifaa cha kupimia kulanti. Na kopo lisibaki wazi: kulanti ni tamu na ni sumu kali kwa watoto na mbwa.

Nimetaja thamostati. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa ili injini isichemke. Kwenye baridi, injini isiyo na thamostati haipati moto hata baada ya kilomita 30. Hita inapuliza hewa ya uvuguvugu, kioo kinaganda kwa ndani, na oili inabaki na unyevu ambao ungekaushwa na joto. Ukinunua gari kuukuu, hakikisha thamostati ipo na inafanya kazi.

Oili nayo ina namba za kuzingatia. Namba iliyo mbele ya herufi W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Oili ya 20W-50, inayopendwa sana Dar es Salaam na Nairobi, ni nzito mno kwa huko. Starta haitaizungusha injini. Hata 15W inafikia ukomo wake kwenye -20 hivi. 5W imepimwa kuzungusha injini hadi -30, na 0W hadi -35. Fuata kitabu cha gari, na kikiruhusu 0W, chagua hiyo kwa kipindi cha Desemba hadi Machi. Difu na giaboksi pia zina oili: 75W-90 ya sintetiki inateleza vizuri pale ambapo 85W-140 inakuwa kama asali iliyoganda.

Betri kwenye -18 inatoa chini ya nusu ya nguvu yake ya siku ya joto, na wakati huohuo injini imekuwa nzito kuzungusha. Ndiyo maana iliyofanya kazi vizuri Septemba inakufa Januari bila kukuaga. Ipime ikiwa imetulia: volti 12.6 na kuendelea imejaa, 12.0 iko karibu na kuisha. Iliyojaa haigandi hata kwenye -50, lakini iliyoisha huganda kwenye -10 tu. Kabla ya kuunganisha waya za kubusti iangalie pembeni. Ikiwa imevimba kama mkate ulioumuka, au kuna barafu ndani, usiichaji wala kuibusti, kwa sababu inaweza kulipuka. Ikiwa nzima, waya nyekundu ianzie kwenye chanya ya betri iliyokufa, iende kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi ianzie kwenye hasi ya betri nzima, imalizie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche isiruke karibu na gesi yake.

Dawa halisi ya asubuhi ya -30 ni hita ya bloku. Ni koili ndogo ya umeme inayokaa ndani ya kulanti, na plagi yake inachungulia mbele ya gari. Inakula wati 400 hadi 1,000. Saa 3 au 4 kabla ya kuondoka zinatosha. Ya wati 750 kwa saa 4 inatumia uniti 3 za umeme, ukiiacha saa 10 inakula uniti 7 na nusu bila faida kubwa. Weka taima. Waya wa kuunganishia uwe wa nje na mnene, maana mwembamba unapata moto na kifuniko chake kinapasuka kwa baridi. Injini ikiwaka, ipe dakika 2 hadi 5, kisha ondoka polepole. Kuiacha inaunguruma nusu saa hakupashi matairi, shokomzoba wala difu. Hizo zinapata joto kwa kutembea.

Kwa wenye dizeli: baridi inaigandisha nta iliyomo ndani yake, mafuta yanakuwa meupe na mazito, filta inaziba, gari linazima baada ya dakika chache. Nunua dizeli ya msimu wa baridi, iliyochanganywa na dizeli namba 1 ambayo iko karibu na mafuta ya taa. Dawa ya kuzuia nta itiwe kabla mafuta hayajaganda; ya kawaida ikitiwa baadaye haiyeyushi kitu. Petroli usichanganye kamwe, inaondoa ulainisho na pampu inakwanguka. Tangi, la dizeli au la petroli, lisishuke chini ya nusu: nafasi tupu hukusanya unyevu, na unyevu huo unakwenda kuganda kwenye paipu.

Maji madogomadogo nayo yana mahali pake pa kusumbua. Handibreki: kebo au pedi zikiwa na maji, usiku zinaganda na asubuhi gurudumu halizunguki. Egesha kwenye tambarare, acha gari kwenye gia au kwenye P, na uweke kabari. Raba za milango zifute kwa silikoni, la sivyo zinang'oka ukivuta mlango. Maji moto kwenye kioo yanakipasua. Maji ya waipa yawe yale yasiyoganda hadi -40, na yana methanoli, kwa hiyo ni sumu.

Kuhusu matairi sitarefusha. Chagua yenye alama ya mlima wa vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi. Upepo wa tairi hupungua psi 1 (psi ni kipimo cha mgandamizo wake) kwa kila nyuzi 5 na nusu za joto zinazoshuka, kwa hiyo tairi lililojazwa psi 35 kwenye gereji yenye nyuzi 15 linabaki na kama 27 nje kwenye -30. Pima asubuhi, nje, kabla ya kutembea. Barabarani penye theluji tumia 4H (magurudumu yote manne yanavuta, kwa gia za mwendo wa kawaida) na mguu mwepesi. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama, unasimama sawasawa na gari dogo, na hapo ndipo wenye magari makubwa wanapoingia mitaroni. Kwenye njia za msituni zenye theluji nene, shusha upepo hadi psi 15 au 18 ili tairi lilale na kuelea, usizidi kilomita 30 kwa saa, na pampu ya kurudishia upepo ikae ndani ya kabini, kwa sababu unyevu ukiganda kwenye mpira wake hutapata kitu.

Ukikwama, acha kukanyaga mafuta. Gurudumu linalozunguka bure linayeyusha theluji, kisha maji yale yanaganda na kuwa kioo chini yako. Chukua koleo, toa theluji mbele ya magurudumu yote na hasa chini ya tumbo la gari, maana likikalia theluji hata minyororo haisaidii. Kamba ya kuvutia iwe kavu. Ya nailoni ikilowa na kuganda inapoteza nguvu. Usiifunge kwenye kichwa cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu.

Ikibidi kulala humo, narudia hili kwa kila anayenisoma: kabla ya kuwasha injini, chimbua ekzosi. Bomba likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani, na kaboni monoksidi haina harufu wala haiwashi macho. Mtu anasinzia na haamki. Washa dakika 10 kila saa, fungua kioo kidogo upande usiopigwa na upepo, na kila baada ya muda shuka ukague ekzosi tena, kwa sababu upepo unaendelea kuleta theluji. Usiliache gari kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari huonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Chupa ya maji ya kunywa ilaze kichwa chini, kwani barafu huanzia juu na kifuniko kitabaki kinafunguka.

Sasa mwili. Jasho ni maji, na mtu anayechimba theluji akiwa amevaa koti zito analowa ndani ya dakika 10. Akipumzika, unyevu ule unamnyang'anya joto. Vua koti kabla hujaanza kazi, livae mara unapomaliza. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu au poliesta, ya kati ishike joto, ya nje izuie upepo. Fulana ya pamba iache nyumbani, ikilowa haikauki. Glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kutenganisha. Vaa nyembamba ndani yake ili usishike spana kwa mkono mtupu. Na unapojaza petroli kwenye -30, tone likikudondokea mkononi halijaganda, lina baridi ileile ya -30, na linavukiza papo hapo. Linaunguza ngozi kama moto.

Kipimo cha baridi pamoja na upepo kikifika -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kikipita -40, dakika 5 hadi 10. Vitabu vingi vinakuambia utafute wekundu, kisha weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta rangi ya majivu kwenye ncha ya pua, masikio na vidole, ngozi inayong'aa kama nta na ngumu ukiibonyeza, na zaidi ya yote, maumivu yaliyokoma ghafla. Uchunguzi wa majeshi umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hudhurika na baridi kirahisi zaidi, kwa hiyo tusisubiri dalili za ngozi nyingine. Kujipaka mafuta ya mgando usoni kunazuia mipasuko, hakuzuii kuganda. Kunakupa hisia ya joto isiyo ya kweli.

Sehemu iliyoganda usiisugue, na usiisugue kwa theluji hasa. Iloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, lakini iwapo tu una hakika haitaganda tena njiani. Kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi. Mwenzako akianza kuongea kama mlevi, vidole havishiki zipu, na akaacha kutetemeka bila kupata joto, mwili wake umeshindwa. Mvue nguo mbichi, mpashe kifua na shingo, mpe kitu kitamu cha moto kama anameza vizuri, piga 911, namba ya dharura ya Marekani. Pombe asipewe.

Jioni ukifika nyumbani, hata kama umechoka, toa bitana ya ndani ya buti uianike mbali kidogo na hita. Ikibaki humo na jasho la mchana, kesho asubuhi utavaa barafu.