Kapangiwa Shule ya Vipaji Maalumu? Subiri Kwanza Nikusimulie

Juzi, majina ya kidato cha tano yalipotoka, mama mmoja msomaji wangu alinitumia ujumbe: "Mwalimu, kijana wangu kapangiwa shule ya vipaji maalumu, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Sasa udaktari si tumeshaupata?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka 2016 baba yangu aliyasema maneno hayo hayo mbele ya ukoo mzima, mbuzi kashachinjwa.

Shule yenyewe siitaji. Ni mojawapo ya hizi: Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora Wavulana, shule za serikali zinazochukua wenye alama za juu nchi nzima. Anayetaka kubahatisha abahatishe. Nilitoka shule ya kata mkoani Singida nikiwa kipanga, yaani kinara wa masomo, wa wilaya, walimu walinisimamisha mstarini nikapigiwa makofi. Huko nilikokwenda, kila niliyelala naye bweni moja alikuwa kipanga wa wilaya yake. Mtihani wa kwanza nikawa wa 71. Wa sabini na moja, mimi! Ripoti niliificha ndani ya Biblia mpaka likizo ikaisha.

Kosa langu ni kudhani jina la shule litanibeba. Msuli nilipiga, yaani nilisoma kweli, lakini kwa madesa, notisi za wenzangu, maana niliona haya kuuliza darasani nisije nikaitwa kilaza. Mwalimu wa Fizikia alikuwepo, maabara ilikuwepo, vitu ambavyo kule kwetu hatukuviota, nami nikavipita kama mtu apitaye dukani hana hela. Moko, mtihani wa majaribio, ikaniletea D ya Fizikia. Nikajiambia mtihani wenyewe wa NECTA, wa taifa, utakuwa kitu kingine. Julai 2018 matokeo yakatoka: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Daraja la pili.

Rafiki yangu tuliyemaliza naye shule ya kata alikuwa kapangiwa shule ya kawaida tu, isiyo na sifa yoyote mjini. Akapata A moja na B mbili.

Sote tuliomba udaktari Muhimbili. Mfumo wa maombi ukatutaka namba ya mtihani, ile inayoanza na S ikifuatiwa na namba ya kituo. Jina la shule yangu, lile lililochinjiwa mbuzi, lilibaki hapo tu, kwenye tarakimu nne. Hakuna insha ya kujieleza, hakuna barua ya mwalimu, hakuna mahali pa kuandika kwamba mwenzenu nilishindana na vipanga wa nchi nzima. Chuoni A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Yeye 13, mimi 8. Sifa za kuomba nilikuwa nazo, ila nafasi zikiwa chache wanaanza na wa juu, na kati ya hao wa juu walikuwemo niliokula nao ugali meza moja. Nikaenda kusomea ualimu wa Kemia na Baiolojia. Tukikutana kijijini namwita Dokta, anacheka, nami nacheka, ingawa kicheko changu huchelewa kidogo.

Kwa hiyo sikilizeni, nyie mnaofunga mizigo. Ulizeni. Ulizeni darasani, ulizeni bwenini, ulizeni hata mkichekwa. Hesabu alama, usihesabu nafasi: kuwa wa 71 katika shule zile si msiba kama una B tatu, na mimi nililia nafasi nikasahau D. Moko ikikuonya, onyeka. Kombi ya masomo usiichukue kwa sababu ya mbuzi wa baba. Na kuuliza, nimeshasema? Basi nasema tena, maana mwaka jana binti niliyemfundisha Kemia hapa shule ya kata alipangiwa Msalato, shule ya vipaji maalumu ya wasichana, na huyo alikuwa akiniuliza mpaka nakimbilia ofisini. Wa kwangu huyo!

Sisemi kijana asiende, mama. Waliofungua mdomo pale shuleni kwetu, wengi wao walipata walichokitaka. Mpeleke. Kwenye fomu ya kujiunga utaona godoro, ndoo, fagio na tranka. Tranka usinunue. Langu lipo chini ya kitanda, kufuli bado zima. Ndani ya kifuniko kuna 71 niliyoikwaruza kwa msumari. Nitaipaka rangi kabla sijalituma.