Maswali Yenu: Mdosi Amesema Mimi ni Mtu wa Hewa

Toleo lililopita niliandika kamstari kamoja tu, kwamba wanajimu wa Kihindi wanahesabu elementi tano na si nne, na kila moja wanaipatia sayari yake. Kumbe nimechokoza nyuki! Meseji zimekuja kutoka Kisumu, Nakuru, Siaya, Kakamega, hadi kuna mtu ametuma picha ya kiganja (ndugu, hiyo ni kazi nyingine kabisa, si ya huku). Nimechagua chache.

Mwalimu, habari ya kazi. Mimi nafanya kwa duka la vyuma hapa Kisumu, wenyewe ni Wahindi na tunaelewana sana, shida ni mzee mwenye duka. Hataki kabisa tununue vyuma Jumamosi, hata lori ikifika anasema irudi Jumatatu. Juzi akaniuliza nilizaliwa lini nikamwambia 5 Oktoba, akasema ati mimi ni Mashuke na nina hewa ya Shani nyingi ndio maana nimekonda na situlii mahali. Na mimi miaka yote kwa gazeti najua ni Mizani! Nani anadanganya, na hii hewa inatoka wapi? – Mfanyikazi, Kondele

Omera, hakuna mwongo hapo, ni hesabu mbili tofauti. Gazeti linaanza kuhesabu nyota kutoka pale Jua lilipo ile siku ya Machi mchana na usiku zikilingana. Wahindi wanahesabu kwa kufuata nyota zenyewe zilivyo angani, na kwa vile mhimili wa dunia unayumba polepole sana, kama digrii moja kila miaka 72, hesabu hizo mbili zimeachana na saa hii tofauti ni karibu digrii 24. Kwa hivyo Jua lao linaingia Mizani karibu 17 Oktoba, na wewe wa tarehe 5 bado uko Mashuke. Hata wao wenyewe hawakuwa wanakubaliana ni digrii ngapi, ikabidi serikali ya India iunde kamati ya kalenda miaka ya 1950 ndio kukawa na hesabu moja rasmi, na bado kuna wenye hawaitumii. Halafu ujue kwao Jua si ndio mambo yote, wakikuuliza nyota yako mara nyingi wanataka kujua Mwezi ulikuwa wapi siku hiyo.

Sasa elementi. Sisi tuliokulia na nyota za kina marehemu Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu, tunajua ni moto, udongo, upepo na maji basi, na nyota kumi na mbili zinagawanywa humo tatu tatu, Punda na Simba na Mshale ni moto, Kaa na Nge na Samaki ni maji, na kadhalika. Wahindi wanayo hiyo vilevile. Lakini ya tano yao, akasha, yaani ile nafasi tupu ambayo kila kitu kimekaa ndani yake, haina nyota hata moja. Ukitaka kuiona lazima uache nyota uende kwa sayari, na watu wengi wanakwama hapo kwa sababu wanadhani ni orodha moja. Mtu anaweza kuwa na Mwezi kwa nyota ya maji na bado sayari inayomtawala sana iwe ya moto, na wala hakuna ubishi.

Kitabu cha mhenga Parashara, ambacho wanajimu wao wanakitegemea sana, kinagawa hivi: moto ni wa Mirihi, udongo wa Utaridi, akasha ya Mshtarii, maji ya Zuhura, hewa ya Zohali. Zohali ndiyo huyo Shani wa mdosi wako. Jua na Mwezi hazimo kwa hao watano, ila kazini wanalichukulia Jua kama moto na Mwezi kama maji.

Mirihi kuwa moto haihitaji maelezo, itazame tu usiku ilivyo nyekundu. Zuhura pia, mapenzi na uzazi na kila kitu chenye utomvu, maji ni sawa. Yenye inashangaza watu ni Zohali, sayari inayojikokota, inamaliza miaka 29 na nusu kuzunguka Jua mara moja, halafu inapewa hewa? Jibu liko kwa matibabu yao ya Ayurveda. Huko hewa ya mwilini wanaiita vata, na dalili za ikizidi ni baridi, ukavu, kukonda, viungo kuuma, usingizi wa kuamka amka, wasiwasi usioisha, na wanasema inapanda mtu akizeeka, na uzee wenyewe kwa unajimu ni wa Zohali. Kwa hivyo mzee alikuangalia ulivyo mwembamba na vile unazunguka dukani kama unatafutwa, akaenda moja kwa moja kwa Shani. Hakuhitaji hata chati, yaani ule mchoro wa sayari zilivyokuwa ulipozaliwa.

Mimi lakini inayonipendeza zaidi ni Mshtarii na akasha. Upanishad moja ya zamani, yaani andiko takatifu la Kihindu, inayoitwa Taittiriya inasema kutoka kwa akasha ilitoka hewa, kutoka hewa moto, kutoka moto maji, kutoka maji udongo, na wanafalsafa wao wakaongeza kwamba kila hatua inaleta hisia mpya. Akasha ina sauti peke yake. Hewa unaisikia na pia inakugusa. Moto unaongeza kuonekana, maji yanaongeza ladha, udongo unabeba hizo zote na kuongeza harufu, na kama umewahi kuwa Kibuye mvua ya kwanza ikipiga vumbi hiyo harufu unaijua, hakuna haja ya mimi kukueleza. Sasa angalia, Mshtarii kwao anaitwa Guru, mwalimu, na kazi ya mwalimu ni sauti, maneno, mantra (yale maneno matakatifu ya kurudiarudia). Ndio akapewa ile elementi ambayo ni sauti tupu. Na Utaridi, sayari ya biashara na hesabu, akapewa udongo wenye kila kitu. Hiyo naona ingefaa duka lenu kuliko Shani.

Jumamosi ni siku ya Shani na chuma ni chake, mafuta pia. Imani ni kwamba ukinunua hivyo vitu siku hiyo umemkaribisha Shani nyumbani mwenyewe. Ukichunguza utaona kuuza anauza bila shida. Lori ikirudi nani analipa dizeli, hapo mimi simo.

Mwalimu, Bwana asifiwe. Kijana wangu ana miaka 24, amemaliza koleji mwaka wa pili huu hana kazi. Kuna mtu alitujia anasema kijana ako kwa Sade Sati, Zohali imemkalia miaka saba na nusu, hewa imemzidi, na dawa ni pete ya yakuti ya bluu, elfu thelathini na tano, nitume nusu kwa M-Pesa leo. Nimeshakopa kwa chama lakini roho inasita. – Mama, Kiamunyi, Nakuru

Mama, rudisha pesa za chama kwanza halafu tuongee.

Sade Sati ipo kwa unajimu wao, huyo mtu hakuitunga. Zohali inakaa kama miaka miwili na nusu kwa kila nyota, na ikipita ile nyota iliyo nyuma ya Mwezi wako, kisha ya Mwezi wenyewe, kisha inayofuata, jumla inakuja saba na nusu. Lakini kwa vile inazunguka yote kwa miaka 29 na nusu, kila binadamu inampata mara mbili au tatu maishani, matajiri, mawaziri na huyo muuza pete pia. Wakati wowote ule robo nzima ya nyota iko ndani. Tangu mwisho wa Machi 2025 Zohali kwa hesabu yao imeingia Samaki, na inakaa huko hadi katikati ya 2027, kwa hivyo walio kwa Sade Sati kipindi hicho ni wenye Mwezi wa Ndoo, Samaki na Punda basi. Muulize Mwezi wa kijana uko nyota gani. Akianza kukwambia ya tarehe za gazeti, ujue hata kazi yake haijui.

La pili, jiwe kwa mafundisho yao linaongeza nguvu ya sayari. Linaongeza! Sasa kama Zohali ndiyo inayomsumbua kijana, mbona unamwongezea nguvu? Ndiyo maana wanajimu wengi wa Kihindi wanaiogopa yakuti ya bluu kuliko mawe yote, wanasema mtu aijaribu siku chache kwanza, aiweke chini ya mto aone analala aje. Mwenye anataka pesa leo hawezi kukuachia siku za kujaribu. Na yakuti ya kutengenezwa kiwandani imekuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20, ni rahisi na inang'aa vizuri kuliko ya kuchimbwa, kwa hivyo kung'aa kusikudanganye.

Kama mnataka kufuata mila yao hata hivyo, dawa ya kawaida ya Shani ni Jumamosi kumpa mtu mwenye shida ufuta mweusi au mafuta au nguo nyeusi, na kuwatendea mema wazee na vibarua. Hiyo haina deposit.

Na mimi niseme langu wazi. Marehemu Jayant Narlikar, mwanafizikia wa India, pamoja na wenzake walifanya jaribio kule Maharashtra 2008, wakawapa wanajimu 27 chati 40 kila mmoja, zingine za watoto wenye akili sana darasani na zingine za watoto wenye ulemavu wa akili, watambue ipi ni ipi. Walipatia kama asilimia 46. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Kijana wako asaidiwe kutafuta attachment, CV yake ipitiwe na mtu wa hiyo fani, hewa yake iko sawa.

Mwalimu, nilizaliwa nyumbani, saa haijulikani na mamangu alisharehemika. Naweza kujua sayari na elementi zangu kweli? – Onyango, Siaya

Pole kwa mama. Wewe una bahati kuliko watu wengi, saa yako iko kwa kitambulisho! Kwa Waluo, Onyango ni mtoto wa katikati ya asubuhi jua likiwa limepanda. Omondi ni alfajiri, Okinyi asubuhi, Ochieng jua kali, Odhiambo jioni, Otieno usiku. Hakikisha tu na wazee wa boma kwamba jina lilikuwa la saa na si la babu aliyemtokea mtu ndotoni, kwa sababu huko kwetu yote mawili yapo.

Nyota inayochomoza mashariki ukizaliwa, wanaiita lagna, inabadilika kila masaa mawili hivi, na sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo haiyumbi sana kama ingekuwa London. Onyango anabaki na lagna mbili tatu za kuchagua, si kumi na mbili. Mwezi nao unakaa kwa nyota moja kama siku mbili na robo, kwa hivyo mara nyingi tarehe pekee inatosha kujua kama ni ya maji au ya moto. Shida inaanza ukitaka vipindi vya maisha, zile dasha, ambazo jumla ni miaka 120 na Zuhura peke yake amechukua 20. Zinahesabiwa kwa kipande cha anga ambacho Mwezi unakimaliza kwa kama siku moja, sasa ukikosea masaa kumi na mawili kwa mtu aliyezaliwa kipindi cha Zuhura, maisha yake yote yamesogea miaka kumi. Mtu akikupangia mwaka wa kuoa bila saa kamili, mnunulie chai mwachane. Wao wenyewe kwa mtu asiyejua saa huwa wanatumia prashna, wanachora chati ya ile dakika umeuliza swali.

Hi Mwalimu. Mimi niko na Mirihi sana, moto, boyfriend wangu ni maji. Rafiki zangu wanasema tutazimana. Ni kweli? – Dada wa Kakamega

Dada, mizani yao ya ndoa ina pointi 36, na 18 ndio pasi. Pointi nyingi kuliko zote, nane, zinatoka kwa kitu kinaitwa nadi, ambacho kinagawa watu kwa hewa, moto na maji kwa kufuata Mwezi. Na hapo mkiwa sawa ndio mnapata sifuri! Mkitofautiana mnachukua zote nane. Rafiki zako wamepindua mambo.

Ile ya Mirihi wanayoogopa inaitwa Mangal dosha, Mirihi ikiwa nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12, nyumba ni vile vipande kumi na viwili vya chati. Hesabu mwenyewe, tano kwa kumi na mbili, hiyo ni karibu nusu ya watu walio kwa matatu unayopanda. Mimi ningeuliza kama analipa madeni na kama anashika simu ukipiga.

Rahu na Ketu ni elementi gani? – G., Kisumu

Hawamo kwa wale watano, ndio maana hukuwapata. Si sayari za kushikika, ni zile pointi mbili ambapo njia ya Mwezi inakata njia ya Jua, na zinazunguka kinyumenyume kwa miaka 18 na nusu hivi. Wanajimu wanasema Rahu anafanya kama Zohali na Ketu kama Mirihi, kwa hivyo ukilazimisha, hewa na moto. Kupatwa kwa Jua lazima kutokee karibu nao, kama kule kwa 3 Novemba 2013 ambako Turkana Jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache na huku Kisumu tukaona nusunusu.