Maswali na Majibu: Maneno ya Utotoni Yanapofukuliwa Ukubwani

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Kuna mwanamuziki ninayemfuatilia tangu albamu yake ya kwanza. Sasa ana miaka 31. Juzi zimefukuliwa posti alizoandika akiwa na miaka 16, zinazodhalilisha watu wa rangi nyingine. Nusu ya mashabiki wanasema atoswe, nusu wanasema alikuwa mtoto. Mimi sijui nisimame wapi. Ni haki kumhukumu mtu kwa maneno ya ujanani? *Shabiki Njia Panda*

JIBU: Maneno yenyewe yahukumu bila kusita. Tusi la kibaguzi haliwi tamu kwa sababu aliyeliandika alikuwa bado shuleni. Kumhukumu mtu mzima wa leo ni kazi nyingine, na inaanza na hesabu: chukua tarehe ya posti, utoe tarehe ya kuzaliwa. Wengi hawaifanyi, ndiyo maana neno "ujana" linatumika kufunika kila kitu.

Mwongozaji wa filamu James Gunn alifukuzwa na Disney Julai 2018 kwa utani mchafu alioandika Twitter kati ya 2008 na 2012. Alizaliwa 1966, kwa hiyo alikuwa ameshavuka miaka 40. Mchekeshaji Kevin Hart alijiondoa kuongoza sherehe za tuzo za filamu za Oscar Desemba 2018, siku chache tu baada ya kutangazwa, kwa sababu ya twiti za 2009 hadi 2011 dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Yeye ni wa 1979. Alikuwa na miaka 30 hivi. Watu hao wanaweza kusamehewa kwa sababu nyingine, ila utoto haumo. Sasa mtazame Kyler Murray. Desemba 2018, usiku uleule aliopata Heisman, tuzo ya juu kabisa ya mpira wa Kimarekani vyuoni, zilifukuliwa twiti alizoandika akiwa na miaka 14 na 15. Hapo neno utoto linakaa mahali pake.

Chini ya miaka 18 msimamo wetu ni mmoja: posti ya umri huo peke yake isimnyime mtu kazi. Hili hatujalibuni sisi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamtambua mtu wa umri huo kuwa mtoto, na Kanuni za Beijing za 1985, kanuni za Umoja wa Mataifa zinazohusu watoto waliovunja sheria, zinataka kumbukumbu za makosa yao ziwe siri na zisitumike dhidi yao katika kesi za ukubwani. Yaani mtoto aliyeiba faili lake linafungwa, lakini mtoto aliyeandika upuuzi mtandaoni faili lake liko wazi kwa dunia nzima. Hilo linatusumbua, na tunadhani linapaswa kumsumbua kila mtu.

Kati ya miaka 18 na 25 hivi mambo ni magumu zaidi, maana mtu ameshakuwa mtu mzima kisheria huku akili ya kupima matokeo ikiwa bado inakomaa. Hapa mfano mzuri ni mchezaji wa kriketi wa Uingereza, Ollie Robinson. Juni 2, 2021, siku ya mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa, zilitoka twiti za kibaguzi na za kudhalilisha wanawake alizoandika tangu 2012, akiwa na miaka 18. Alisimamishwa, akaomba radhi, kisha jopo la nidhamu likampa adhabu: kufungiwa mechi 8, kati ya hizo 5 zikiwekwa pembeni kwa miaka 2 ili zimwangukie akirudia, pamoja na faini ya pauni 3,200. Baada ya hapo akarudi uwanjani. Kosa lilitajwa, adhabu ilikuwa na idadi, na mwisho wake ulijulikana. Hukumu nyingi za mitandaoni hazina hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu.

Ukishapata umri, uliza mengine. Alitukana mara moja au miezi mfululizo? Alimlenga mtu fulani, au alirusha tu maneno hewani? Halafu lile kubwa: baada ya hapo aliishi vipi? Msanii wako ana miaka 15 tangu zile posti. Pitia mahojiano yake, mashairi yake, watu anaofanya nao kazi. Ukikuta dharau ileile akiwa na miaka 24 na 28, basi posti za utotoni zilikuwa mwanzo wa tabia, na una haki ya kuondoka. Usipoikuta, miaka 15 ina uzito kuliko wiki moja ya miaka 16.

Angalia pia kama suala hilohilo limeshahukumiwa. Mwandishi wa habari Alexi McCammond alijiuzulu uhariri mkuu wa jarida la Teen Vogue Machi 2021, kabla hata ya kuanza kazi, kwa twiti za 2011 dhidi ya watu wenye asili ya Asia. Aliziandika akiwa na miaka 17, na alishaziomba radhi 2019. Tunaelewa uchungu wa siku zile: mashambulizi dhidi ya Waasia nchini Marekani yalikuwa yamepamba moto, na siku mbili tu kabla ya kujiuzulu kwake watu 8 waliuawa karibu na Atlanta, 6 kati yao wakiwa wanawake wa Kiasia. Hata hivyo tunaona kipimo kilizidi. Kumwadhibu mtu mara ya pili kwa jambo lilelile, bila kosa jipya, kunawafundisha wengine kwamba kuomba radhi hakuna faida yoyote.

SWALI: Nitajuaje kama picha ya posti ya zamani inayosambaa ni ya kweli? Ninayoiona ina picha mpya ya msanii lakini tarehe ya 2012. Si imeghushiwa hiyo? *Mchunguzi*

JIBU: Hapana, hiyo peke yake haithibitishi kitu. Twitter, ambayo sasa inaitwa X, huonyesha jina na picha ya sasa hata juu ya posti ya zamani. Wengi hutumia dalili hiyo kupiga kelele "feki", halafu posti inakuja kuthibitika.

Anza kwa kuhesabu herufi. Hadi Novemba 2017 twiti ilikuwa na kikomo cha herufi 140, kwa hiyo "twiti ya 2012" yenye herufi 200 ni ya kutengenezwa. Pili, tafuta posti yenyewe badala ya picha yake: katika kisanduku cha kutafutia andika *from:* ukiunganisha na jina la akaunti, kisha *since:* na *until:* pamoja na tarehe, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Ikiwa imefutwa, bandika anwani yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za intaneti iliyo wazi kwa umma tangu 2001. Haikuhifadhi kila kitu, kwa hiyo kutoikuta huko si ushahidi kwamba haikuwepo.

Ukipata anwani, namba ndefu iliyo mwishoni mwake inabeba ndani yake muda posti ilipoandikwa, kwa twiti za kuanzia Novemba 2010. Zipo programu za bure za kuisoma. Namba ikisema 2019 na picha ikisema 2012, umeshapata jibu.

Mtego unaowanasa hata waandishi wazoefu ni wa jina la akaunti. Mtu akiliacha jina, mwingine anaweza kulichukua. Hakikisha msanii ndiye aliyekuwa akilitumia mwaka huo. Na usisambaze picha kwanza ukasema utaihakiki baadaye. Ikishasambaa, masahihisho yako hayataifikia hata robo ya walioiona.

SWALI: Mimi ni wa jamii iliyotukanwa katika posti za mchezaji mmoja. Kaomba radhi, na sasa mashabiki wake wananiandama nikubali. Mbona sisi ndio tunalazimishwa? *Nimechoka*

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Hulazimiki. Shabiki ambaye hakutukanwa hana msamaha wa kutoa, wala hana mamlaka ya kukudai wako. Inawezekana kabisa mchezaji akastahili kurudi kazini na wewe ukabaki hutaki kumtazama. Wanaokuandama uwazuie bila kuwapa maelezo.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 22, naanza kupata jina kwenye uigizaji. Nilikuwa na akaunti tangu nikiwa na miaka 13 na najua kuna matusi mle. Nifute kimyakimya au nisubiri? Na zikifukuliwa niseme nini? *Chipukizi*

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Futa, na ufanye sasa hivi kabla hujatafutwa. Kufuta wakati kashfa imeshalipuka kunaonekana kama kuficha ushahidi, na picha za skrini zitakuwa zimeshapigwa.

Usianze kufuta kwa kukumbukakumbuka. Omba kwanza nakala kamili ya data zako katika mipangilio ya akaunti. Huchukua siku moja au zaidi kufika. Ukishaipata, tafuta ndani yake matusi ya enzi zile, majina ya makabila, dini, maumbile, na maneno mliyokuwa mkitaniana. Usisahau majibu uliyowaandikia wengine, maana huko ndiko wafukuaji wanakokwenda. Programu nyingi za kufutia twiti kwa pamoja huishia kwenye twiti 3,200 za karibuni, na zile za zamani, ambazo ndizo hatari, zinabaki bila wewe kujua. Ili zifikiwe ni lazima uipakie ile nakala kwenye programu. Facebook wanayo sehemu ya kudhibiti shughuli zako ambapo unafuta nyingi kwa pamoja, na zilizofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30 kabla ya kutoweka.

Ukikuta ulimtukana mtu kwa jina, mtafute kabla ya kufuta. Mwandikie faraghani, mistari mitatu minne, bila kumwomba akutetee baadaye.

Sasa kauli ya kuomba radhi, na hapa tuvumilie tukichambua neno kwa neno. Wengi huandika hivi: "Kama kuna yeyote aliyekwazika na kauli zilizotokea zamani, naomba radhi. Nilikuwa mdogo, ulimi uliteleza, na huyo si mimi."

"Kama kuna" inatia shaka kwenye jambo linaloonekana. "Aliyekwazika" inahamishia tatizo kwa msomaji, kana kwamba alijikwaa mwenyewe, sema "niliwakwaza". "Zilizotokea" inazifanya kauli ziwe kama mvua. Kiswahili chetu kina vitenzi vingi vya namna hii vinavyomficha mtendaji, na mtu anayejikosha huvikimbilia bila kujua. "Ulimi uliteleza" haiwezekani: ulichapa kwa vidole, ukasoma, ukatuma, ikakaa miaka 9. Na "huyo si mimi" ndiyo inayoudhi kuliko zote, kwa sababu ni wewe.

Linganisha na hii: "Mwaka 2015, nikiwa na miaka 13, niliandika matusi kuhusu watu wenye ulemavu. Niliyaandika mimi. Yalikuwa ya kudhalilisha, na walioyasoma wakaumia walikuwa na sababu ya kuumia. Samahani." Umri umetajwa kama taarifa tu, bila kugeuzwa ngao. Ukiwa umefanya jambo la kurekebisha, liongeze kwa sentensi moja. Kama hujafanya, usiahidi kitu ambacho hutakitekeleza. Toa kauli ndani ya siku moja, mara moja tu, kwa maandishi yako. Usiongeze video ya machozi wala tangazo la filamu mpya. Katika mahojiano yanayofuata rudia yaleyale, usianze kuuma na kupuliza. Kevin Hart alitakiwa kuomba radhi, akakataa akisema alishalizungumzia, halafu akaomba wakati anajiondoa. Radhi ileile ingetangulia, huenda watu wangeipokea tofauti.

SWALI: Je, anayefukua makaburi ya watu hana kosa? Mara nyingi ni wivu tu. *Mtazamaji*

JIBU: Nia yake inaweza kuwa mbaya na posti ikawa ya kweli, kwa hiyo usitumie nia kufuta ushahidi. Lakini na yeye apimwe. Anayefukua kwa haki huweka tarehe, huweka umri, huonyesha posti nzima pamoja na ile iliyokuwa ikijibiwa, na humpa mhusika nafasi ya kusema kabla ya kuchapisha. Anayetafuta kiki hukata tarehe.

Mwaka 2019 huko Iowa, Marekani, kijana aliyekuwa akichangisha zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya hospitali ya watoto alifukuliwa twiti mbili za kibaguzi za alipokuwa na miaka 16. Kampuni ya bia iliyokuwa ikishirikiana naye ikajitenga. Wasomaji wakageuka, wakamfukua mwandishi wa gazeti aliyezipata, wakakuta na yeye ana za kwake, akaondoka kazini. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefaidika na ile duru ya pili.

Hata anayedai haki yake hujikuta humo. Novemba 2021 mchezaji wa zamani wa kriketi Azeem Rafiq alitoa ushahidi bungeni Uingereza kuhusu ubaguzi aliofanyiwa kwenye kriketi, na siku mbili baadaye ukatoka ujumbe wake wa 2011 dhidi ya Wayahudi, alioandika akiwa na miaka 19. Hakubisha: alikiri ni wake, akasema anaona aibu, akaomba radhi. Waliotaka ushahidi wake utupwe kwa sababu hiyo walikosea. Alichofanyiwa kilibaki kilichofanyika, na alichoandika pia.