Bomba la zinki usilitumie kwenye tanuru

Ndugu, umeuliza kama bomba la maji lililopakwa zinki linafaa kupitishia upepo kwenye tanuru lako la kufulia chuma, ulilotengeneza kwa rimu ya gari hapo Tabora. Nakusihi, liache. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907 za Selsiasi, na chuma cha kufua hupita 1000. Ukiuvuta moshi wake mweupe, saa chache baadaye unashikwa na homa, kutetemeka na maumivu ya mwili. Kwetu huku utadhani ni malaria! Tafuta bomba jeusi la chuma, lisilopakwa zinki.

Umesema mvua ikinyesha utahamia stoo. Hapo ndipo naogopa zaidi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Fulia kwenye banda lililo wazi pande zote.

Rimu ikandike udongo wa kichuguu, uache ukauke kabisa. Vaa miwani ya kinga kila unaposhika nyundo, na nguo za pamba, si nailoni. Chuma kikishakuwa cheusi bado kinaunguza. Kishike kwa koleo.

Unyamwezi ilifua majembe tangu kabla ya ukoloni, nimefurahi sana umeanza. Weka picha ya tanuru tulione kabla hujawasha.